Kurasa Tatu za Mzee Natan

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kuangalia wazee hapa Birmingham, mkisikia nimestaafu mnacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na mbili na ndevu zangu bado hazijaamua ziote upande gani. Chekeni tu. Mimi pia nilikuwa mtu wa kucheka, mtu wa ndoto nyingi, nikipanga kwamba siku moja nitafungua nyumba yangu ya wazee yenye bustani na kuku. Nilifanya kazi hiyo miaka sita, nikarudisha beji ofisini, na sasa napakia maboksi kwenye ghala Nechells. Boksi likianguka unaliokota na siku inaendelea. Sitarudi.

Dada Furaha, anayewafundisha ninyi sasa, aliniomba niandike yale niliyojifunza. Nimejaribu mara nne. Kila nikianza na mambo ya soksi na dawa, najikuta kwa Mzee Natan. Basi nimeacha kupigana nayo. Someni ya Natan, na ya soksi mtayapata humo humo njiani.

Natan alikuwa fundi wa pete na mikufu, Myahudi, mjane, akiishi peke yake ghorofa ya pili kule Ladywood. Macho yalikuwa yamemwishia. Aliona kingo za vitu, katikati hakuona. Mtoto wake mmoja tu, Miriam, anaishi London. Siku yangu ya kwanza nilimpelekea chai na kwa kuwa meza ilijaa, nikaiweka juu ya kitabu kikubwa cheusi kilicholala pale.

Akasikia mlio wa kikombe. Akasema, "Kijana, umeweka wapi hiyo chai?"

"Kwenye kitabu, Mzee."

"Ndani ya hicho kitabu kuna wazee wanaobishana tangu enzi na enzi. Umewatua kikombe kichwani. Kiondoe kabla hawajaanza kubishana kama chai ni halali."

Ndivyo nilivyokutana na Talmudi. Nami, shule yangu iliishia kidato cha pili Bungoma, nikauliza kama ni Biblia yao. Akaniambia hapana. Biblia inasema usifanye kazi siku ya Sabato, lakini haisemi kazi ni nini. Kuwasha moto ni kazi? Kubeba funguo? Kufunga kamba? Marabi wa zamani wakakaa wakayajadili hayo yote, na mambo ya ndoa, na ya ng'ombe aliyemjeruhi jirani, na ya mgonjwa, na majadiliano yao yakakusanywa. Hiyo ndiyo Talmudi. Sheria wanayoishi nayo hadi leo imetoka humo, ingawa ukifungua utafikiri umeingia kwenye kikao cha watu wanaogombana. Maneno ya zamani yako katikati ya ukurasa, na pembeni pande zote wafafanuzi wa baadaye wanayavamia. Na kilichonishangaza ni hiki: aliyeshindwa hoja hafutwi. Maoni yake yanabaki ukurasani kando ya aliyemshinda.

"Kwa nini mnamwacha, na alishindwa?"

"Labda kesho tutagundua alikuwa sahihi," akasema. "Sasa niletee kijiko. Si hicho. Hicho ni cha nyama."

Hapo kuna funzo la kazi, liandikeni. Kwenye nyumba kama ile vyombo vya maziwa na vya nyama havikutani. Kwake vya maziwa vilikuwa na utepe wa buluu na vya nyama utepe mwekundu, na mimi wiki ya kwanza nilikoroga supu ya kuku kwa kijiko cha chai ya maziwa. Alikaa na njaa hadi jioni. Muulizeni mtu mila zake kabla hamjashika hata kikombe, si baada.

Talmudi haisomwi na mtu mmoja. Husomwa na wawili, mmoja anasema, mwingine anapinga. Mwenzake Natan alikuwa fundi wa saa, walisoma pamoja kila Jumanne kwa miaka mingi, na alifariki wakiwa karibu kumaliza kitabu kimojawapo cha Talmudi, kile cha Siku ya Upatanisho, siku ambayo Wayahudi wote hufunga. Zilibaki kurasa kumi na moja. Natan alitaka kuzimaliza kabla hajafa. Hakuwa na ombi lingine, si afya, si safari. Ukimaliza kitabu, kuna desturi ya kukaa na watu, kula kitu kitamu, na kukiahidi kitabu kwamba mtarudiana. Alitaka aiseme ahadi hiyo kwa niaba ya wawili.

Lakini macho hayakuwepo, na mwenzake hakuwepo. Kulikuwa na mimi na Kiingereza changu cha kidato cha pili.

Kitabu kilikuwa na tafsiri ya Kiingereza upande mmoja. Nikawa namaliza kazi, naketi, namsomea upande ule, naye anakumbuka upande wa pili kwa kichwa, akiuimba kidogo kidogo. Lakini baadaye alisumbuka kama inafaa mimi kusoma naye, maana si Myahudi. Akampigia rabi wake simu, sauti ikiwa juu nami nikipiga pasi shati lake.

Rabi akauliza, "Anakusomea, au anasoma pamoja nawe?"

"Ananisomea."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Ameanza kuuliza maswali, na ni mazuri."

Nikasikia rabi anacheka. "Mjibu kwa upole, Natan."

Baadaye Natan akaniambia kwamba hata hilo limo kwenye Talmudi: yupo mzee aliyesema mtu wa nje asiguse, na yupo aliyesema mtu wa nje akijishughulisha na Torati ni kama kuhani mkuu. Wote wawili wamo.

Maswali yangu hayakuja haraka. Kwetu mtu mzima akisema, kijana anaitikia, na mimi nilikuwa bingwa wa kuitikia. Jumamosi moja ya Desemba tulikuwa tumekaa sebuleni, jioni ya huku mnaijua, saa kumi tu jua limeshazimika. Natan akasema, "Wafula, chumba hiki kimekuwa na giza."

Nikasema, "Kweli Mzee, giza la huku linawahi."

Baada ya muda akasema, "Mtu angeweza kujikwaa humu."

"Kabisa, Mzee. Tukae tu tusitembee."

Tukakaa. Dada Furaha alipofika tumwinue pamoja, akafungua mlango akasimama pale. Yeye ni mtu wa Bukavu, hana maneno ya pembeni. "Ninyi wawili muko munafanya nini mu giza? Munaomba?"

Akawasha taa. Natan alicheka hadi akakohoa. Siku ya Sabato hawezi kuwasha taa, na hawezi kukutuma uwashe kwa ajili yake, ila unaweza kuelewa mwenyewe. Alikuwa ananigongea mlango nusu saa nzima, nami najibu kwamba mlango ni mzuri.

Nikauliza, "Na kama ningeiwasha ili nitafute viatu vyangu mimi, wewe ungefaidika na mwanga?"

Akageuza uso wake upande wangu. "Mwaka mzima umekaa hapa ukiitikia. Hilo ndilo swali la kwanza la maana kutoka kwako. Kama ningehitaji mtu wa kuitikia ningefuga kasuku."

Tangu hapo akawa ananilipisha faini. Nikikubaliana naye bila sababu, naimba wimbo mmoja wa kwaya yetu. Niliimba sana.

Polepole nikajifunza, na huu ndio ujuzi mkubwa niliopata kwenye kazi yetu, mkubwa kuliko kutumia mashine ya kumwinulia mtu: mzee ambaye hakuna anayebishana naye ameshaanza kuzikwa. Watu wanamwambia sawa Mzee, vizuri Mzee, huku wanaangalia saa. Bishaneni nao. Bishaneni juu ya mpira, juu ya hali ya hewa, juu ya uji. Uso wa Natan ulirudiwa na rangi, niliuona. Na nguo, kwa kuwa niliahidi: mkono dhaifu uvae kwanza, uvue mwisho. Pashani viganja joto kabla ya kumgusa mtu. Na mkiingia, tazameni uso kabla ya kutazama simu ya kazi.

Hilo la mwisho nililifanya siku ile. Niliutazama uso. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Wiki chache kabla yake tulikuwa tumefika kwenye kurasa za mgonjwa. Kitabu kinauliza: kwenye ile siku ya kufunga, mgonjwa ale? Mgonjwa akisema nahitaji chakula, anapewa, hata tabibu akisema hahitaji. Lakini tabibu akisema anahitaji, naye mgonjwa akasema sihitaji, anasikilizwa tabibu.

Nikapinga. "Mzee, hapo wamekosea. Mgonjwa ndiye anajua mwili wake. Kwenye mafunzo yetu tuliambiwa tumsikilize mteja."

"Akisema nahitaji, anaujua. Akisema sihitaji, huenda ni ugonjwa unaosema kwa mdomo wake. Umeshamvuruga akili."

"Nitatofautishaje?"

"Hutofautishi. Ukiwa na shaka, okoa. Soma mbele."

Mbele kuna ukuta umemwangukia mtu siku ya Sabato. Hujui kama yuko chini yake. Hujui kama ni mzima. Chimba, Sabato au si Sabato. Na wafafanuzi wanasema usiende kwanza kuuliza ruhusa, kwa kuwa dakika za kuuliza ndizo zinazoua. Natan alilipenda sana hilo. Alipiga meza kwa kiganja. "Unaona? Sheria nzima inasimama kando kwa ajili ya pumzi moja yenye shaka." Tukala biskuti. Zilibaki kurasa tatu.

Siku ile yenyewe, Jumamosi, nilifika saa tisa na nusu. Alikuwa kitini, chai imemwagika mapajani, imeshapoa. Nikaona mkono wa kulia umelala kama kitu kisicho chake. Nikaona mdomo upande huo umeshuka kidogo, kidogo sana, kama mtu anayetaka kutabasamu akaghairi.

"Mzee, mkono una nini?"

"Nimeulalia. Umekufa ganzi."

"Naona na mdomo."

"Mdomo wangu ulikuwa hivyo tangu nioe." Alikuwa anatania, na nikacheka.

Nikasema, "Nipige simu waje wakuangalie?"

Mnaona? Niliuliza.

Akasema, "Ni Sabato. Ngoja nyota tatu zitoke, Sabato iishe, tutampigia Miriam. Wakinipeleka hospitali leo hawatanirudisha hapa, Wafula. Zimebaki tatu tu. Ngoja."

Wadogo zangu, Sabato ile haikuwa yangu. Mimi ni Mkristo wa Bungoma, ningepiga simu mia moja na hakuna sheria ningeivunja. Na hata yeye haikumfunga, alijua, alinifundisha mwenyewe akipiga meza. Nilikuwa na ukurasa mzima kichwani. Nilikuwa na kila hoja. Ila nilimtazama mzee wa miaka themanini na kitu, mwenye nywele nyeupe, ananiomba, na malezi yangu yote yakanishika mdomo. Nikasema, "Sawa, Mzee."

Nikambadilisha suruali. Nikaandika kwenye simu ya kazi: mteja anasema amelalia mkono, amekataa msaada wa daktari, uamuzi wake umeheshimiwa. Nikaketi. Hakudai faini.

Saa kumi na moja kasoro robo aliniuliza kitu kuhusu dirisha, lakini maneno yalitoka kama yamechanganywa kwenye gunia. Ndipo nikapiga. Ambulansi ilifika haraka. Mhudumu mmoja akauliza, "Imeanza saa ngapi?" nikamwambia nilimkuta hivyo saa tisa na nusu, akaandika, hakunitazama. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, huenda kilianza tangu adhuhuri; kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na muda wake ulikuwa umepita. Nikauliza, ningepiga saa tisa na nusu je? Akasema labda. Labda hiyo nimeibeba mpaka leo.

Ofisini waliniita. Meneja alisoma maandishi yangu mara mbili akasema, "Mteja alikuwa na akili timamu. Alikataa. Umeheshimu, umeandika. Umefanya sawa." Miriam alinishika mikono, akasema baba yake ni mkaidi, hakuna ambaye angemweza. Kila mtu alinisamehe, na kila aliponisamehe nilihisi mlango mwingine umefungwa.

Dada Furaha peke yake ndiye aliyenipa ukweli. Tulikuwa kwenye ngazi za ofisi, anakula ndizi.

"Umeandika muzuri," akasema. "Ile karatasi iko propre, safi kabisa."

"Wewe ungefanya nini?"

Akatafuna, akameza. "Mimi ningeita, kaka. Angenitukana, ningeita. Lakini mimi niko mubishi, ni tabia mubaya, nilizaliwa nayo."

"Mimi nilifundishwa, Dada. Mwaka mzima nilifundishwa."

Alinishika bega, akaenda kwenye shifti yake. Nilirudisha beji wiki hiyo.

Kuna wazo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Natan hakuwa mtu wa kusema jambo bila kutaka upande wa pili. Akisema nyeupe, anasubiri useme nyeusi. Sasa usiku na mchana najiuliza kama "ngoja" ile ilikuwa ombi, au ilikuwa hoja, na alikuwa ameketi pale akisubiri mwenzake ampinge. Sijui. Hawezi kuniambia.

Yuko kwenye nyumba ya wauguzi Longbridge, kwenye yale majengo mapya. Miguu inafanya kazi kidogo. Maneno yote yaliondoka, likabaki moja, nalo ni ndiyo. Ukimuuliza chochote anasema ndiyo, kwa sauti ya upole, akikutazama kwa yale macho yasiyoona katikati. Yule mtu. Aliyenilipisha faini kwa kuitikia.

Miriam alinipa kitabu nimalizie kumsomea. Nilianza peke yangu kwanza, ndani ya treni, nisije nikajikwaa mbele yake. Katika kurasa zile tatu, karibu na mwanzo, kuna sheria hii: makosa ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho inayafunika. Makosa ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyafuniki, hadi amwendee mwenzake na kumridhisha. Nilipitwa na kituo changu.

Jumapili hiyo nilimsomea hadi hapo. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, siku ile nilipaswa kukupinga. Nilijua. Umenisamehe?"

"Ndiyo."

Nikalia kama mtoto. Kisha, kwa sababu alinifundisha kutokubali jibu kirahisi, nikafuta uso nikauliza, "Mzee, leo ni Jumanne?"

"Ndiyo."

"Mimi ni fundi wa saa?"

"Ndiyo."

Nilimweleza rabi wake, ambaye humtembelea. Akaniambia sheria yao inasema mwendee uliyemkosea mara tatu, na akikataa kuridhika, wewe umetimiza wajibu wako. Alisema kwa huruma, akitaka nipumue. Nikamuuliza kama hakuna mwenye maoni tofauti. Akasita. Ni mtu mkweli, angeweza kunyamaza. Akasema wapo waliofafanua baadaye kwamba akiwa ni mwalimu wako, unamwendea hata mara elfu, mpaka aridhike.

"Alikuwa mwalimu wako?" akaniuliza.

Jumapili iliyofuata nilirudi Longbridge na kitabu.

Basi hayo ndiyo niliyonayo kwa ajili yenu. Mdomo wa mtu ukishuka, mkono ukilala, piga simu. Usimwulize. Akikutukana, atukane akiwa na maneno. Hakuna kingine ninachokijua ambacho kina thamani, na hiki nilikijua kabla.

Watu wawili wakisoma Talmudi, mmoja akauliza, hawavuki mstari hadi mwenzake ajibu. Ndivyo Natan alivyonifundisha. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada napanda treni, namsomea kutoka tulipoachia kabla hajaugua hadi kwenye sheria ile, nauliza, anasema ndiyo, nasubiri kidogo, nafunga kitabu. Kurasa zilizobaki ni tatu, kasoro mistari michache.